Maduka ya Jinja kwa skeli ndogo: namna ya kuyajenga na sababu ya kuyapima

Reli ya kielelezo ni njia ya reli iliyopunguzwa ukubwa kwa kipimo maalumu na kuwekwa juu ya meza au rafu, pamoja na stesheni, mitaa na maduka yake. Ufundi huu ulikomaa Ulaya na Marekani, na majengo yanayouzwa tayari kukatwa na kuunganishwa na makampuni kama Faller ya Ujerumani na Walthers ya Marekani huonyesha zaidi miji ya huko. Mtu anayetaka kuweka mezani duka la Jinja au Mbale, lenye baraza, nguzo na jina la ukoo lililochongwa kwa saruji juu ya paa, hana budi kulijenga mwenyewe kuanzia kipande cha kadibodi.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua: historia ya maduka hayo, sehemu zake, namna ya kuyapima, skeli inayofaa, vifaa vinavyopatikana madukani kwetu, na maamuzi ambayo mjenzi hawezi kuyakwepa. Jambo hili si la mchezo mtupu. Nyumba za baraza katikati ya miji yetu ya mashariki zinaendelea kubomolewa ili kupisha maghorofa ya zege na vioo, na nyingi huondoka bila mtu yeyote kuandika upana wa mlango wake. Kielelezo kilichopimwa vizuri huweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya sura yake.

Reli iliyoyaleta maduka

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na njia ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Kutoka hapo mizigo ilivushwa ziwani kwa meli. Mwaka 1912 ilifunguliwa Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali, takriban kilomita 100, ili kuyakwepa maporomoko ya Mto Naili na kuunganisha Ziwa Nalubaale, yaani Victoria, na meli za Ziwa Kyoga. Njia kuu iliyopita Nakuru, Eldoret na Tororo ilifika Jinja mwaka 1928. Tawi la kutoka Tororo kupitia Mbale lilifika Soroti mwaka 1929, na mwaka 1931 daraja la Naili likaiwezesha reli kuvuka mto na kuingia Kampala.

Pamba ndiyo iliyoyapa magari moshi hayo mzigo. Mbegu zake ziligawiwa kwa wakulima wa Uganda kuanzia mwaka 1903, na Busoga pamoja na wilaya za kuzunguka Mlima Elgon zikawa miongoni mwa maeneo makubwa ya zao hilo. Mkulima alipolipwa alihitaji mahali pa kununua kitambaa, chumvi, jembe, sabuni na mafuta ya taa. Mahali hapo palikuwa duka la Mhindi. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch nchini India na kuanzia shughuli zake katika pwani ya Tanganyika na Unguja, alifungua maduka kando ya reli na ndani ya Uganda, Jinja ikiwamo, kabla ya kufariki mwaka 1916. Muljibhai Madhvani naye alianza akiwa kijana katika maduka ya jamaa zake huku Busoga, na mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari kikaanza kazi Kakira, si mbali na Bugembe.

Kwa hiyo mtu anayejenga reli ya kielelezo ya mashariki ya Uganda bila maduka ameacha nusu ya habari. Mabehewa yalibeba pamba kwenda pwani, kisha yakarudi na marobota ya vitambaa. Baraza la duka ndipo safari hizo mbili zilipokutana.

Sura ya duka la baraza

Kabla ya kushika wembe na rula, inafaa kuzijua sehemu za duka la aina hii.

Ya kwanza ni paji la nyumba, yaani ukuta wa mbele unaopanda juu ya baraza na kuficha mabati. Mara nyingi hukatwa kwa ngazi, kwa upinde au kwa pembe tatu katikati, na hapo ndipo fundi alipoandika kwa saruji jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi. Kwa mpita njia, paji ndilo lililotofautisha duka moja na jingine katika safu ndefu.

Ya pili ni baraza lenyewe: njia iliyoezekwa mbele ya milango, iliyoinuliwa kidogo kutoka barabarani na kushikiliwa na nguzo. Baraza la duka moja huungana na la jirani, hata mtu akaweza kutembea sehemu kubwa ya mtaa bila kulowa mvua. Fundi cherehani alikaa hapo na mashine yake, na wanunuzi waliongojea basi walikaa hapo hapo.

Ya tatu ni milango. Duka la zamani halikuwa na kioo kikubwa cha kuonyeshea bidhaa. Lilikuwa na milango mipana ya mbao, yenye vipande viwili hadi vinne vinavyokunjwa kuelekea pembeni, na juu yake tundu la hewa lenye nondo au mbao zilizopangwa kwa mshazari. Mlango ulipofunguliwa asubuhi, ukuta wote wa mbele ulikuwa kama umeondolewa.

Ya nne ni nyuma ya duka: makazi ya familia, ghala, ua, jiko na tangi la kukusanyia maji ya mvua. Katika nyumba za ghorofa moja, familia iliishi juu na biashara ikabaki chini. Mjenzi wengi huisahau sehemu hii kwa kuwa haionekani kutoka barabarani, lakini mtu anayepita kwa gari moshi huona migongo ya nyumba kuliko nyuso zake. Ikiwa reli yako inapita nyuma ya mtaa, ua ndio utakaokuwa mbele ya macho ya mtazamaji.

Kuchagua mwaka

Uamuzi wa kwanza mzito si wa skeli wala wa gundi. Ni wa mwaka. Kielelezo husimamisha wakati, na kila kitu juu ya meza lazima kikubaliane na tarehe moja.

Mwaka 1935 unadai barabara ya vumbi, magari machache na kuta zilizopakwa chokaa. Mwaka 1955 unaruhusu nyaya za umeme, kwa kuwa bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954 na Jinja ikawa mji wa viwanda. Injini za mvuke za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, zilikuwa na rangi ya damu ya mzee. Shirika la reli lililofuata liligawanyika pamoja na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na tangu hapo herufi ubavuni mwa mabehewa zilibadilika.

Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote yaliandikwa juu ya maduka. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Mali zao zikawekwa chini ya bodi ya udhamini, na maduka yakagawiwa watu wengine. Wananchi waliwabandika wamiliki wapya jina la Kiswahili ambalo bado linakumbukwa Uganda nzima: mafuta mingi. Rafu zikawa tupu, bidhaa zikahamia kwenye magendo. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudisha mali kwa wenyewe, na urejeshaji ukaendelea kwa wingi katika miaka ya 1990.

Maana yake kwa mjenzi ni hii. Duka lile lile, lenye nguzo zile zile, huwa na kibao kimoja mwaka 1971, kingine mwaka 1975, na pengine cha tatu mwaka 1998. Juu kabisa, kwenye paji, jina la saruji la ukoo wa kwanza linaweza kuwa limebaki, limefunikwa kwa rangi au limechongolewa. Mtu anayejenga mtaa wa mwaka 1971 akaupamba kwa vibao maridadi na jua la asubuhi hajadanganya, ila amechagua kusimama mwaka mmoja kabla ya dhoruba. Anayejenga mwaka 1975 hana budi kuamua atakachoweka ndani ya rafu, na jibu la kweli ni kwamba hataweka kitu kikubwa.

Vivyo hivyo, mtaa wa mwaka 1935 hauna haki ya kuonyesha usawa ambao haukuwapo. Miji ya kikoloni iligawanywa kwa rangi: makazi ya Wazungu mahali pake, mtaa wa biashara wa Wahindi mahali pake, na Waafrika, waliolima pamba na kupakia mabehewa, mara nyingi nje ya mpaka wa mji. Ni vigumu kuonyesha mambo haya kwa kadibodi, lakini yanaonekana katika kujibu maswali rahisi: nani amesimama nyuma ya meza ya duka, nani yuko barazani, na nani amebeba mzigo.

Kupima bila kuvunja adabu

Anza kwa ruhusa. Msalimu mwenye duka, mweleze unachofanya, na inapofaa umwone pia mwenyekiti wa LC I. Katika mji ambao umiliki wa nyumba umebishaniwa kwa miaka mingi, mtu mwenye futi kamba na daftari hudhaniwa haraka kuwa ametumwa na mnunuzi au na mahakama. Stesheni, karakana na madaraja ya reli ni mali ya shirika la umma. Huko ruhusa huombwa ofisini.

Vifaa vya kupimia ni vinne: futi kamba, daftari, simu yenye kamera, na fimbo ya meta 2 iliyopakwa mistari myekundu na myeupe kila sentimeta 50. Simamisha fimbo hiyo ukutani, vuka barabara, kisha piga picha ukilitazama duka moja kwa moja katikati, si kwa upande. Nyumbani utaweza kulinganisha urefu wa kila sehemu na fimbo iliyomo pichani. Njia hii hukupa hata urefu wa paji, ambalo huwezi kulifikia bila ngazi.

Pima kwa mkono vitu ambavyo picha huvipotosha: kina cha baraza, unene wa nguzo, kimo cha ngazi ya kupandia, na umbali kutoka nguzo moja hadi nyingine. Hesabu mabati ya paa ukiweza kuyaona kutoka upande. Andika rangi kwa maneno, kwa sababu kamera hubadilisha rangi kulingana na mwanga. Andika pia tarehe, jina la mtaa na upande wa dira ambao duka limeelekea.

Skeli na hesabu yake

Reli ya Uganda ina upana wa meta 1 kati ya chuma na chuma. Njia za kielelezo zinazouzwa kwa wingi duniani zina upana wa milimita 16.5, na kwa skeli ya 1:87 upana huo huwakilisha reli ya Ulaya na Marekani yenye milimita 1,435. Kwa skeli hiyo hiyo, reli ya meta 1 inapaswa kuwa na milimita 11.5. Njia ya milimita 12, inayotumiwa na wajenzi wa reli nyembamba za Uswisi, inakaribia sana kipimo hicho. Skeli kubwa ya 1:22.5, yenye njia ya milimita 45, ilibuniwa kwa ajili ya reli ya meta 1 hasa. Inawafaa watoto na watu wenye macho hafifu, lakini duka moja tu hujaza meza ndogo.

Makala haya yanafuata 1:87, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: kila meta 1 ya kweli huwa milimita 11.5 mezani. Chukua duka la mfano lenye upana wa meta 9 na urefu wa meta 5 hadi juu ya paji, na baraza la kina cha meta 2.4. Uso wake utakuwa na upana wa milimita 103 na urefu wa milimita 57, na baraza kina cha milimita 28. Mlango wa upana wa meta 1.8 huwa milimita 21. Ngazi ya sentimeta 30 huwa milimita 3 na nusu. Mtu wa meta 1.7 husimama milimita 19 na nusu.

Maduka kumi ya namna hiyo yakipangwa bega kwa bega huchukua takriban meta 1 ya meza. Tatizo liko kwenye kina. Kiwanja cha meta 30 kwenda nyuma kitahitaji milimita 345, na nafasi hiyo ni adimu. Suluhisho la kawaida ni jengo nusu: uso wa duka, baraza na milimita 20 au 30 za chumba cha mbele, kisha ubao wa nyuma uliopakwa rangi ya mbingu. Mtazamaji anayesimama mbele haoni upungufu wowote.

Vifaa vilivyo karibu

Kuta hujengwa kwa kadibodi ngumu, laini na isiyo na mawimbi ndani, kama ya jalada la faili au ya nyuma ya daftari kubwa. Kadibodi ya maboksi ya mizigo haifai, kwa kuwa mawimbi yake huonekana kila inapokatwa. Unganisha tabaka mbili au tatu kwa gundi nyeupe ya maseremala, uziweke chini ya vitabu vizito usiku mzima, nawe utapata ukuta wa milimita 2 au 3, ambao ni sentimeta 17 hadi 26 za kweli.

Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma. Pitisha wembe kidogo kidogo mara nne au tano. Anayekandamiza mara moja hupindisha ukingo. Fungua milango na madirisha kwanza, ndipo ukate umbo la nje, kwa sababu kipande kikubwa ni rahisi kushika. Paji lenye ngazi hukatwa mwisho, na herufi za jina hutengenezwa kwa karatasi nene iliyokatwa, au kwa gundi nyeupe inayodondoshwa kwa ncha ya sindano na kuachwa ikauke, hata herufi zikainuka kama saruji.

Nguzo za mviringo hutoka kwenye vijiti vya kuchokolea meno au njiti za ufagio, na za mraba kwenye vipande vya mbao laini. Nondo za madirisha ni nyuzi za shaba zilizotolewa ndani ya waya wa umeme uliotupwa, zikanyooshwa kwa kuviringishwa kati ya vipande viwili vya ubao. Nyuzi za umeme nje hutokana na mshipi mwembamba wa wavuvi. Vioo hukatwa kwenye plastiki angavu ya kasha la shati.

Mabati yanahitaji ujanja. Mawimbi ya bati la kawaida hupishana kwa takriban milimita 76, ambazo kwa 1:87 ni milimita 0.87. Boliti ya milimita 5 ina nyuzi zinazopishana kwa milimita 0.8, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Laza karatasi ya alumini ya jikoni juu ya kipande cha mpira au daftari laini, kisha viringisha boliti hiyo juu yake kwa nguvu ya kadiri. Mistari itajichora ikiwa imelala kidogo upande mmoja, kwa hiyo kata vipande kwa kuifuata mistari yenyewe. Bati la meta 3 huwa milimita 34. Vipandikize vipande hivyo kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikilalia kidogo cha jirani, kama fundi wa kweli anavyofanya.

Adui wa kazi hii ni unyevu. Miji iliyo kando ya ziwa na mto hupata mvua za mara kwa mara, na kadibodi iliyopakwa rangi upande mmoja hujikunja. Paka vanishi pande zote mbili kabla ya rangi, kisha gundisha vijiti vya mbao ndani ya kuta ili kuzikaza. Usitumie gundi ya unga wa ngano au wa muhogo, maana mende na panya huila pamoja na ukuta.

Rangi, vumbi na maandishi

Rangi ya maji inatosha. Anza na nyeupe iliyotiwa tone la manjano, ambayo ndiyo chokaa iliyozeeka. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi kimo cha goti, mara nyingi hupakwa rangi nzito ili kuficha matope yanayorushwa na mvua. Hiyo ni milimita 6 tu mezani, lakini ikikosekana duka huonekana kama limeletwa kutoka nchi nyingine.

Vumbi lenyewe usilinunue. Chukua udongo mwekundu, ukaushe juani, uusage, kisha uuchekeche kupitia kitambaa chembamba hadi uwe kama poda. Upake kwa brashi kavu chini ya kuta, juu ya ngazi na kwenye mikunjo ya mabati. Weka kidogo, utazame kwa mbali, ndipo uongeze. Kutu ya mabati hutengenezwa kwa udongo huo huo ukichanganywa na rangi ya kahawia.

Maandishi ndiyo yanayolipa duka sauti. Piga picha kibao cha kweli, kipunguze kwa kompyuta hadi kipimo chake, kisha kichapishe. Au kiandike kwa mkono kwa brashi yenye nywele tatu nne. Jihadhari na lugha. Katika mitaa hii Kiingereza, Kigujarati, Kiswahili, Kiganda na Lusoga vimeonekana au kusikika pamoja, lakini kila mwaka ulikuwa na lugha yake ya vibao. Usibuni jina la familia ya kweli kwa duka usilolijua. Ikiwa huna ushahidi, weka jina la bidhaa au la kazi, kama vile vitambaa, vyuma au dawa, na uache paji bila jina.

Kwa watu, uchache hushinda wingi. Mshona nguo mmoja barazani, mwanamke mwenye kikapu, kuli mwenye roboto begani, na baiskeli iliyoegemezwa nguzo vinatosha kwa maduka matatu. Mashine ya cherehani ni kipande cha kadibodi nyeusi cha milimita 6 chenye gurudumu la waya. Jicho litakamilisha mengine.

Bugembe na duka la leo

Si lazima kurudi mwaka 1935. Bugembe, makao makuu ya Ufalme wa Busoga katika barabara ya kutoka Jinja kwenda Iganga, iliingizwa katika Jiji la Jinja tarehe 1 Julai 2020, siku ambayo Mbale nayo ilipandishwa kuwa jiji. Maduka yake mengi ni ya matofali na saruji, yenye milango ya chuma iliyochomelewa, na kuta zilizopakwa rangi za makampuni ya simu, soda na saruji kuanzia ardhini hadi paani. Ukiyatazama vizuri utaona kwamba paji bado lipo, limenyooshwa likawa ubao wa matangazo. Baraza pia lipo, limejaa chapati, mitungi ya gesi na boda boda zinazongoja abiria.

Duka la aina hii ni rahisi kwa anayeanza. Kuta zake ni bapa, milango ni ya mstatili, na rangi ni moja au mbili. Linafaa pia shuleni: darasa linaweza kujifunza uwiano, historia na Kiswahili kwa kazi moja. Watoto wetu tayari hutengeneza magari ya waya na wanasesere wa magome ya migomba, na mikono yao haina upungufu wowote. Kinachoongezwa hapa ni rula.

Kielelezo kama kumbukumbu

Mfano mzuri wa kazi hii uko Uingereza. Roye England, kijana kutoka Australia aliyefika huko mwaka 1925, aliona nyumba za zamani za vijiji vya bonde moja kusini mwa nchi hiyo zikibadilishwa na kubomolewa. Akaanza kuzipima, kuzipiga picha na kuzijenga upya kwa kadibodi, kwa skeli ya 1:76. Kazi yake ilizaa Jumba la Makumbusho la Pendon, lililoanzishwa mwaka 1954 katika kijiji cha Long Wittenham, na wajenzi wa kujitolea wanaiendeleza hadi leo. Hakuwa tajiri. Alikuwa mtu aliyepima mapema, nyumba zikiwa bado zimesimama.

Kwetu, Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi limekuwapo tangu mwaka 1971, na Jinja ilipata la kwake katika stesheni ya reli mwaka 2022. Majumba hayo huhifadhi injini, mabehewa, taa na tiketi. Ni nadra kwa jumba la reli kuhifadhi mtaa wa maduka ambao reli iliuzaa, na hapo ndipo mjenzi wa nyumbani anapoweza kutoa mchango.

Ili mchango huo uwe na uzito, kila kielelezo kinahitaji maelezo yaliyobandikwa chini ya kitako chake: jina la mtaa na mji, tarehe ya kupima, mwaka unaoonyeshwa, na orodha mbili fupi. Orodha ya kwanza itaje vilivyopimwa, kwa mfano upana, milango, nguzo na baraza. Ya pili itaje vilivyokisiwa, kwa mfano rangi ya mlango, ua wa nyuma au kibao cha mwaka 1975. Bila orodha ya pili, mtu atakayelitazama duka hilo miaka 50 ijayo atachukua kisio lako kuwa ushahidi.

Weka pia michoro na picha mahali pawili tofauti, na umpe mwenye duka nakala yake. Wengi wa wapangaji na wamiliki wa nyumba hizi hawajawahi kuona mchoro wa jengo wanalofungua kila asubuhi. Ukimwonyesha, mara nyingi ndipo anapokumbuka kwamba palikuwa na dirisha hapa, kwamba mlango ule uliongezwa baadaye, kwamba babu aliyeshona barazani alikaa upande wa kushoto. Maelezo kama hayo yaandikwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hayapimiki kwa futi kamba.